Zana Zilizofunga

Baba yangu, Orville Stroebel, hakwenda vitani.
Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa nusu inchi
na daktari wa jeshi alimwandikia hapana
kwa wino wa kijani.

Basi vita vikamjia yeye,
vikashuka ngazi hadi chini ya nyumba yetu pale Galion, Ohio,
vimevikwa karatasi ya nta na utepe wa kitambaa:
bisibisi, tupa,
koleo ambazo hazijawahi kung'ata kitu,
keekee moja ndani ya boksi lililopigwa muhuri
MACHI 1944. MOJA. MKAGUZI 14.

Alizitoa minadani, ghalani kwa wakulima waliofilisika,
kwa mjane wa Toledo aliyemuuzia kasha zima
kwa bei ya kuku wawili,
akamwuliza: Unataka kuzifanyia nini?
Baba akasema: Sitaki kuzifanyia kitu.

Zilikuwa zimefunga.
Sina neno jingine. Zimefunga tangu vita,
hazijaonja oili ya injini wala jasho la kiganja,
na mwezi wa kuzifungulia hauandami.

Jumamosi usiku alivaa glavu za pamba,
akazishusha rafuni mojamoja, akazinusa.
Grisi ya zamani inanuka nta,
inanuka sarafu iliyokaa sana mkononi.
Tazama pembe hizi, aliniambia, zilivyokunjwa.
Huyu Kumi na Nne amezoea kufunga nepi.
Juu ya ngazi, mama alikohoa.

Nilimwuliza kama spana inajua kwamba ni spana.
Akaniambia nikalale.

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, sawa.
Na lenye mpini,
lililolala miaka ishirini limebanwa na utepe?

Kisha baridi ya sitini na nne, panya akaingia.
Hakula mengi:
pembe ya bahasha moja, utepe kidogo,
kiasi cha kumtandikia mwanawe.
Lakini chuma kilionekana
kama goti kwenye suruali iliyotatuka.
Baba alikaa kwenye ngazi, kofia mapajani,
akaomboleza bei: jana dola kumi na moja,
leo senti hamsini.
Supu ikapoa. Mama akaipasha. Ikapoa tena.

Halafu akaichana. Yote.
Sauti ya karatasi ile ninayo hadi leo:
kavu, ndefu,
kama mtu anayejinyoosha baada ya homa.
Akaifuta spana kwa fulana yake ya ndani,
grisi ikatoka kama utando wa maziwa.
Baiskeli yako ina shida gani? akauliza.
Haikuwa na shida.
Nikasema: Gurudumu la nyuma linayumba.

Tukaipindua jikoni, kiti chini, magurudumu juu,
mama akatandaza magazeti,
na baba akakaza nati zilizokwisha kukaza,
akazilegeza, akazikaza,
hadi saa tano za usiku, mikono yake mitupu,
anapiga mluzi usio na wimbo.

Alipokufa, alikuja Lyle Dubicki kutoka Scranton.
Alishika kila bahasha kama yai,
akinong'ona: Haijafunguliwa? Kweli, haijafunguliwa?
Alilipa vizuri.
Zikaondoka mia mbili na sita, na saumu yao.

Ile ya panya ninayo, kwenye droo ya vijiko.
Ina kutu shingoni, mdomo umelika upande.
Imekaza bomba la sinki na vitanda vya watoto wawili,
imepasua lozi za Krismasi,
imepotea theluji nzima chini ya kibaraza
ikarudi bila kulaumu.
Karatasi yake pia nimeitunza, iliyobaki:
panya aliacha tarakimu moja tu ya yule mkaguzi.

Nikitafuta kijiko gizani, naishika yenyewe kwanza.
Ni ya baridi.
Halafu si ya baridi.